Turbo Iliyopimwa Bara

Kijana akija na Subaru yake akaniambia amefunga turbo kubwa na kompyuta ya injini imeshatyuniwa, yaani imerekebishwa iendane nayo, namuuliza kwanza: imetyuniwa wapi? Wengi hudhani naulizia jina la fundi. Mimi naulizia mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Sisi Mombasa tuko usawa wa maji. Ukikaa ukutani Mama Ngina wimbi linakurushia matone. Hewa ya kule ni nyepesi, ya huku nzito, na turbo kazi yake yote ni hewa: inazungushwa na moshi wa egzosi, inaibana hewa na kuisukumia injini. Gari linapimwa bara, linateremka Mazeras, dereva anafurahi kuona linavuta kuliko lilivyovuta Thika Road. Hajui kwamba raha ile ile ndiyo itakayompasulia pistoni.

Mimi yangu nimeifunga nyumbani, Bombolulu, kwenye banda la makuti ubavuni mwa nyumba. Kazi ya spana nitaisimulia, maana huku pwani ina visa vyake, lakini sehemu iliyonila kichwa ilikuja baada ya boneti kufungwa.

Gari ni Impreza WRX, injini EJ205 ya cc 1,994, iliyotoka kiwandani na turbo ya TD04 ya Mitsubishi. Ni turbo ndogo na tamu. Inaamka mapema, haikusubirishi. Kutoka Kongowea hadi Makupa, katikati ya tuktuk na matatu, sijui turbo inayoifaa njia ile kuliko hiyo. Taabu inaanza barabara ikifunguka. Ukipita mizunguko 5,500 ya injini kwa dakika unakanyaga na hakuna jipya linalokuja. Kompresa, ule upande wa turbo unaobana hewa, imefika mwisho wake, inazunguka kwa kasi na kuichemsha hewa badala ya kuisukuma.

Na hewa yetu haihitaji kuchemshwa zaidi. Chukua siku ya Februari, nyuzi 33 kivulini. Hewa ile ikibanwa hadi mara mbili ya presha yake, hata kwa mashine isiyopoteza chochote, inapanda hadi nyuzi 100. Mashine ya namna hiyo haipo. Kompresa inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 75 inaitoa ikiwa na nyuzi 122 hivi. Ile ndogo iliyokwisha pumzi, ikashuka hadi asilimia 60, inaitoa ikikaribia 145. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nguvu za farasi zilikuwa ziada, ingawa sitajifanya kwamba sikuzitaka.

Halafu TD04 yangu ilikuwa imeshazeeka. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa samawati, na ukishika shafti kwa vidole inacheza huku na huku kuliko inavyopasa. Ilikuwa ama niibadilishe beringi, ama nipande ngazi moja. Nikachagua turbo ya IHI ya aina ya VF, ile iliyokuwa ikifungwa kwenye STI, ndugu yake WRX mwenye nguvu zaidi. Mpwa wangu, ambaye ndiye mikono yangu ya pili bandani, aliona nimekuwa mwoga.

“Mjomba, ushafungua kila kitu. Si ufunge ile kubwa kabisa?”

“Kubwa kabisa nikaiamshe wapi? Nyali Bridge?”

Akacheka, lakini hakukubali. Vijana wengi wanapima turbo kwa macho: mdomo wa konokono, lile ganda la turbo, ukiwa mpana basi ni nzuri. Gurudumu kubwa la mapanga ni zito na linataka moshi mwingi wa egzosi ndipo lizunguke, kwa hiyo linachelewa kuamka. Mtu anafunga turbo inayoamka kwenye mizunguko 4,500, kisha anaendesha mji ambao hufiki 4,500 hadi umevuka daraja.

Huu uhusiano wa turbo na mwinuko si jambo jipya. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905, akiwazia injini kubwa za dizeli. Leo meli zinazoingia Kilindini zina turbo ambazo nyingine zinampita mtu kimo, na fundi wa meli anaishi kwa raha moja ambayo sisi hatuna: meli haipandi Mlolongo. Presha ya hewa aliyoiacha Durban ndiyo atakayoikuta Mombasa. Walioanza kuumiza kichwa ni watu wa ndege. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 na ushei. Usawa wa bahari injini ile ilitoa farasi kama 350. Kule juu ilishuka hadi 230 hivi. Alipoiunganishia turbo ikarudi kwenye 350 na kidogo juu yake. Magari ya kununuliwa na watu wa kawaida yalisubiri hadi 1962, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair zilipotoka. Moss alithibitisha kwamba turbo inaweza kumrudishia mtu wa mlimani hewa ya pwani. Sisi tunaoletewa magari yaliyopimwa mlimani tunalipokea somo lake kinyumenyume.

Turbo niliinunua Nairobi, Kirinyaga Road, mtumba wa Japani, ikaja kwa basi. Ya kwanza kuletwa niliirudisha siku ileile. Muuzaji aliniapia haijatumika Kenya hata kilomita moja, na huenda alisema kweli, lakini ukingo wa panga moja ulikuwa umemegeka, kipande kidogo kama punje ya mchele. Kitu kinachozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika hakivumilii upungufu wa punje. Ukinunua ya mtumba, usiishie kutazama inavyong'aa. Ingiza kidole, sukuma shafti kwenda na kurudi: hapo isicheze kabisa. Iinue juu na chini: hapo inaruhusiwa kucheza kidogo, mradi mapanga yasiguse ukuta. Kisha pitisha kitambaa ndani ya mdomo wa hewa. Kikitoka na oili nyingi, mwachie mwenyewe.

Sasa bandani. Makuti yana ubaridi ambao mabati hayana, na mchana wa Machi ubaridi ule ni nusu ya akili ya fundi. Lakini ni makuti. Petroli inafunguliwa nje, uwanjani, na kizima moto kinakaa mlangoni, hakiingii ndani kabisa ambako moto utakuzuia kukifikia. Bi mkubwa aliweka sharti hilo kabla sijaondoa hata bolti moja, na alikuwa akipita kuhakikisha.

Kazi yenyewe mtu wa Nairobi atakwambia ni ya mchana mmoja. Flanji ya chini ina bolti tatu zilezile, paipu ya moshi inakaa palepale, mrija wa oili unakubali. Ni kweli, kama gari limelala Nairobi maisha yake yote. Gari lililolala Mombasa limelamba chumvi. Nati za ile paipu inayopandisha moshi kwenye turbo zilikuwa zimekula kutu hadi pembe zake zimepotea, spana inateleza kama imeshika sabuni. Tulizilowesha kwa dawa ya kulegeza kutu usiku kucha, asubuhi tukaziloweshea tena, kisha fundi wa kuchomelea wa mtaani akaja na gesi yake akazipasha nati tu, si stadi (zile bolti zisizo na kichwa), mpaka zikawa nyekundu. Mbili zikatoka kwa mlio ule mzuri wa kutu kupasuka. Ya tatu ikakatika na stadi yake. Mzee yule wa gesi hakushtuka. Akaweka nati mpya juu ya kisiki cha stadi, akachomelea kwa ndani, akasubiri ipoe kidogo, akaizungusha kwa spana ikatoka mzima mzima.

“Bismillahi, ndiyo hiyo,” akasema, akadai pesa yake ya soda na akenda zake.

Stadi mpya nilizipaka grisi ya shaba. Huku kwetu hiyo grisi ni wajibu.

Oili ndiyo inayoua turbo nyingi, na mara nyingi turbo mpya ndiyo inayolaumiwa. Shafti haikai juu ya beringi za vidonge. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikosekana kwa sekunde chache, umekwisha. Kwenye baadhi ya injini hizi za Subaru, ndani ya ile bolti yenye tundu inayopeleka oili kwa turbo, kuna kichujio cha waya chembamba kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Niliitoa yangu, nikaiinua kwenye mwanga. Haukupita mwanga. Ilikuwa imeziba kwa masizi magumu, meusi, yanayokwaruzika kama kahawa iliyoungua chini ya dele. Hapo nikajua kwa nini TD04 ilianza kucheza. Ningefunga turbo mpya juu ya bolti ile, nayo ingekuwa inatoa moshi kabla ya Ramadhani.

Kabla ya kuwasha, oili lazima itangulie. Tulimimina oili safi kwenye tundu la turbo kwa bomba la sindano huku mpwa anazungusha mapanga kwa kidole, tukafunga mrija, tukatoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukapiga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazimika na kubaki imezimika. Ndipo tukarudisha fyuzi.

Na maji. Turbo hii inapozwa kwa maji pia, na imepangwa hivi kwamba ukizima injini maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka, kwa hiyo beringi haziokwi. Lakini mitaa yetu mingi inakunywa kisima, na maji ya kisima cha pwani yana magadi na chumvi. Nimefungua radieta za watu hapa nikakuta chokaa imejenga nyumba. Weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yanatosha, au usijisumbue na turbo.

Petroli ilikuwa hesabu ya karatasi. Injekta, vile vinyunyizio vya petroli, nne za cc 440 kwa dakika, ukiziruhusu zifunguke asilimia 85 ya muda wake, zinalisha farasi 260 hivi kisha zinabaki kuomba. Nikaweka za cc 550 na pampu ya lita 255 kwa saa. Tukumbuke pia kwamba magari haya ya Kijapani yalipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya kwao, inayouzwa vituoni kama okteni 100; okteni ikiwa juu, petroli inastahimili kubanwa bila kujilipukia. Super yetu haiko huko. Hapo tayari kuna deni, na bado hatujagusa hewa.

Ramani ya kompyuta, yaani faili ya maagizo ya petroli na moto wa plagi, niliagiza kwa fundi wa Nairobi, kijana hodari, sina neno naye. Alinitumia faili ya kuanzia iliyotengenezwa kwenye gari kama langu lenye turbo kama yangu, likafanya kazi vizuri kabisa kule kwake, busti (presha inayoongezwa na turbo) baa 1.1. Niliiweka. Gari likaenda kama limetiwa pilipili. Mpwa alikuwa anapiga mlango kwa furaha.

Mimi nilikuwa nimevaa viziba masikio. Kuna chombo cha kienyeji cha kusikiliza noki, yaani petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda: unachukua paipu ya shaba, unaiponda ncha moja, unaitoboa na kuifunga kwenye bolti ya bloku, ncha nyingine unaitia mpira mrefu unaoingia ndani ya gari hadi kwenye viziba masikio. Kila kinachotokea ndani ya silinda unakisikia. Tulikuwa tunapanda Mazeras kuelekea Mariakani, gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500, ndani ya kasi ya sheria. Kufika 3,800 nikasikia: kokoto. Kavu, chache, kama mtu anarusha changarawe kwenye karai. Nikaondoa mguu. Kwenye laptopu ya mpwa kompyuta ilikuwa imeshaanza kurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, digrii nne, mara tano, ikijaribu kujiokoa.

Sababu iko wazi ukiitazama kwa namba. Saa ya busti haisomi hewa yote. Inasoma ile iliyozidi hewa ya mahali ulipo. Nairobi hewa ya nje ina presha ya baa 0.83 hivi. Ongeza 1.1, jumla 1.93. Mombasa hewa ya nje ni 1.01. Ongeza ileile 1.1, jumla 2.11. Saa inaonyesha namba moja, sindano iko palepale, lakini ndani ya silinda mna presha zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na ni ya moto zaidi kwa sababu hata ilipoanza safari ilikuwa ya moto.

Petroli peke yake isingekuwa tatizo. Subaru hizi zina sensa inayopima hewa inayoingia, hewa ikizidi kompyuta inaongeza mafuta. Taimingi ndiyo iliyolala. Jedwali lake upande mmoja lina mizunguko ya injini, upande mwingine uzito wa hewa, na kila kisanduku kina digrii zake. Fundi wa Nairobi, hata awe hodari vipi, gari lake halifiki kwenye visanduku vya mwisho wa jedwali. Hewa ya kumfikisha huko hana. Anavijaza kwa kukadiria, au anaacha alichokikuta. Gari likishuka pwani linakwenda kukaa hukohuko, kwenye visanduku ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvijaribu. Petroli inalipuka kabla moto wa plagi haujaifikia, na pistoni za injini hizi, pale kwenye vijito vya ringi, hazina subira.

Unyevu wetu, kwa kweli, unasaidia kidogo. Siku ya jasho, mvuke wa maji unashika asilimia 3 hadi 4 ya presha ya hewa, unapunguza oksijeni na kuipoza ile hali ya kulipuka. Kidogo lakini. Wapo wanaoutegemea kana kwamba ni hirizi.

Tulichofanya ni kuteremsha busti hadi 0.95. Mpwa alinuna wallahi, maana ameshazoea kupiga picha saa ya busti. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: 0.95 na 1.01 ni 1.96. Bado injini inapata presha nyingi kuliko ile ya Nairobi yenye saa inayosoma 1.1. Aliitazama hesabu ile kwa muda, akaipiga picha hiyo badala yake. Kisha tukapunguza taimingi kwenye visanduku vya juu, tukaacha petroli iwe nyingi kidogo kwenye mchanganyiko, sehemu moja ya petroli kwa 11 za hewa pale busti inapokuwa kamili, tukisoma kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana, maana ile ya kiwandani katika eneo hilo haioni kitu. Tukarudi Mazeras. Kokoto kimya. Mizunguko ya juu sikuipima barabarani na sitaipima huko. Hiyo ni kazi ya mashine ya kupimia nguvu za gari.

Kikabaki kitu kimoja ambacho ramani haiwezi kukitibu. Intakula ya gari hili, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, inategemea upepo wa lile tundu la boneti. Ukikwama kwenye foleni ya Buxton jua la saa nane, upepo hakuna, intakula inageuka jiko, na ukiondoka ghafla hewa inapashwa moto pale palipokusudiwa kuipoza. Nilirekodi nyuzi 70 na zaidi kwenye hewa inayoingia, gari limesimama tu. Kompyuta tumeiambia ipunguze taimingi joto la hewa likipanda, na mimi nimejizoeza kutokanyaga kilomita ya kwanza baada ya foleni. Intakula ya mbele itakuja pesa ikija.

Bima waambieni kwamba mmebadilisha turbo, tafadhali. Msisubiri ajali ndipo waifungue boneti.

Mpwa sasa ana swali jipya, kwa sababu Desemba tunakwenda harusini Nairobi. Anataka kule juu turudishe busti ile ya 1.1, maana si ndiyo ramani ya kule? Kwa noki, naam, kuna nafasi. Lakini hata kwa 0.95 kule turbo itakuwa inafanya kazi ngumu kuliko huku: kuitoa hewa kutoka 0.83 hadi 1.78 ni kuizidisha mara 2.1, wakati huku tunaizidisha mara 1.9 tu. Ukipandisha 1.1 inakuwa mara 2.3. Shafti inazunguka kwa kasi zaidi kufidia wepesi wa hewa, na hii ni turbo ya mtumba. Nimemwambia tutapanda nayo hivihivi, na akitaka kuwatambia mabinamu zake awaonyeshe ile hesabu ya kwenye boksi.

TD04 ya zamani nimeipeleka ibadilishwe beringi. Ikipona inaingia kwenye Forester ya shemeji. Injekta za cc 440 bado ziko kwenye droo, zimesafishwa. Mwenye kuzitaka aje Bombolulu, ila si Ijumaa mchana.